Siku Kumi na Tano za Joho la Moto

Bonga, Babati
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mjukuu wangu mpendwa Edda,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini Dodoma inakutunza, na kwamba kile kikohozi cha vumbi kimeanza kukuacha ulale. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limezeeka kunipita. Mbaazi tumekwisha kuzivuna. Mama Hope, jirani yetu, alinisaidia kupura na kupepeta, nami nimemtengea debe moja bila yeye kuomba.

Naomba radhi mapema, kwa sababu sehemu inayofuata haitakupendeza.

Juzi Jumamosi uliingia ujumbe katika ile simu kubwa uliyoniachia mwezi uliopita. Ulitoka kwenye namba yako na ulisema hivi: "Babu mambo, fungua ile ngao bonyeza Thibitisha fasta, usimwambie mtu." Niliusoma mara nne. Wewe hujawahi kuniambia "mambo". Wewe huniita mume wangu, ukinitania kwamba mahari niliyokulipia ilikuwa mhogo mmoja. Na tangu ulipoanza kusema hujawahi kuniagiza nimfiche mtu jambo.

Hata hivyo niliifungua programu hiyo yenye picha ya ngao, kwa kuwa sikutaka kukukosea. Kwa Kiingereza changu cha misheni nilielewa maneno mawili. Juu paliandikwa kwamba unatoa vitu arobaini na kimoja. Chini paliandikwa unachopokea: hakuna. Edda, nilikuwa karani wa parokia kwa miaka ishirini na tisa. Niliandika hati za watu kupeana mashamba, ng'ombe, na safari moja mabati yaliyokwisha kuezekwa. Sikumbuki hata hati moja ambayo upande wa pili haukutoa chochote.

Sikubonyeza. Kampuni ya simu hututahadharisha kila wiki, na Paroko naye amerudia madhabahuni, kwamba wezi wa siku hizi huja kwa majina ya watoto wetu. Kwa hiyo nakuomba, kama kweli ni wewe, uniandikie barua kwa mkono wako, kwa wino, uiweke kwenye basi. Mwandiko wako naufahamu. Kama si wewe, basi wewe unayesoma haya, nakusamehe, lakini tafadhali mrudishie mjukuu wangu namba yake.

Nisamehe kwa usumbufu.

Babu yako,
Severini


Dodoma
5/9/2024

Shikamoo Babu, mume wangu wa mhogo,

Pole na goti. Ile dawa ya kuchua uliyoipaka mara moja tu ukasema inanuka, naomba uipake. Mimi kikohozi kimeisha, namshukuru Mungu.

Babu, ni mimi. Ule ujumbe niliuandika mbiombio, mteja amesimama mbele yangu na Bwana Elimringi, bosi wangu, ananitazama. Nimecheka mpaka nikalia uliposema unanisamehe kama ni mwizi.

Sasa nakueleza taratibu. Lile gemu la vita ambalo ulikuwa ukisema "wanao wanapigana tena" nimelicheza tangu kidato cha tatu. Humo ndani nina mavazi na silaha nilizozishinda kidogo kidogo. Huwezi kuzishika kwa mkono, ila watu wa dunia nzima wanazitafuta na kuzinunua. Nina joho la moto ambalo walipewa wale tu waliocheza mwaka wa kwanza, na halitatolewa tena. Vyote arobaini na kimoja nikiviuza vizuri napata mashine ya fotokopi iliyotumika. Babu, nimechoka kutoa fotokopi za mtu mwingine. Nataka steshenari yangu.

Ila gemu haliruhusu kitu kitoke mpaka simu ithibitishe. Ndiyo hiyo ngao. Mtu hata akijua neno langu la siri, bila simu hafanyi kitu. Humo ndani kuna namba tano zinazobadilika kila nusu dakika, na kuna pa kubonyeza kuthibitisha. Simu yangu si iliibiwa stendi mwezi wa nane? Akaunti niliifungua kwa laini yako enzi hizo sina kitambulisho, kwa hiyo ngao ikabidi niiweke kwenye simu iliyo na laini yako. Mimi sasa hivi nina kitochi tu kisicho na intaneti, gemu naingia kwa kompyuta ya dukani tukishafunga.

Shida ni hii. Nimeambiwa akaunti yangu imeripotiwa kwamba ni ya utapeli na inaweza kufungwa mwisho wa mwezi. Ikifungwa, miaka tisa yote imekwenda. Kwa hiyo navihamishia kwa Muzamil avitunze mpaka ukaguzi uishe, halafu anirudishie. Ndiyo maana ukaona "hakuna". Muzamil tunacheza naye mwaka wa nne huu. Kwenye gemu anaitwa Kiboko27. Nilimuuliza siku ya kwanza, viboko wa ziwa gani, akasema la Babati. Kwao Mutuka! Hatujawahi kuonana ana kwa ana, ila namwamini.

Bonyeza, mume wangu. Ukishindwa nenda kwa Amna, dada wa duka la simu pale stendi, atakuonyesha.

Mjukuu wako,
Edda


Bonga, Babati
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mjukuu wangu mpendwa Edda,

Amani iwe nawe. Barua yako niliipokea Ijumaa kutoka kwa wakala wa vifurushi, na nilipoiona ile herufi "g" yenye mkia kama ndoana nilijua ni wewe. Naona haya kwamba nilikushuku. Dawa nimeipaka. Bado inanuka.

Kwa kuwa mali ni yako na ombi ni lako, jana nilikwenda kwa Amna. Alitazama skrini, kisha akanitazama mimi.

"Babu, unajua hivi vitu vinatoka bure?"

"Najua, binti yangu. Ndiyo maana nimekuja na miwani."

"Na huyu Kiboko umemwona?"

"Sijamwona."

"Haya," akasema, "mimi naonyesha tu, kidole ni chako."

Nikabonyeza. Ndipo yakatokea maneno ambayo yamenipa faraja kuliko unavyoweza kudhani. Kwa kuwa ngao hiyo haijakaa muda mrefu katika simu yangu, vitu vyako vitazuiliwa siku kumi na tano kabla ya kumfikia huyo bwana, yaani mpaka tarehe 22, na ndani ya siku hizo mwenye simu anaweza kusitisha. Edda, aliyetunga utaratibu huo ni mtu mwenye busara. Sitashangaa nikiambiwa alilelewa misheni. Hayo ni matangazo ya ndoa! Ndivyo tulivyofanya parokiani. Jumapili tatu mfululizo nilisimama na kusoma kwamba fulani wa fulani anakusudia kumwoa fulani wa fulani, na anayejua kizuizi akiseme. Mara nyingi hapakuwa na neno. Lakini mara mbili mtu alisimama, na mara zote mbili tuliokoa binti.

Nisamehe basi nikitumia siku hizi kama nilivyofundishwa kuzitumia. Je, baba yake Muzamil anaitwa nani? Nani wa kwetu amewahi kula nyumbani kwao? Na jambo moja dogo, ambalo pengine kalamu yako ililiruka: umesema umeambiwa kwamba akaunti itafungwa. Umeambiwa na nani?

Ningependa kuuliza kidogo Mutuka, ukiniruhusu.

Babu yako,
Severini


Dodoma
11/9/2024

Shikamoo Babu.

Aliyeniambia ni Muzamil. Yeye mambo haya anayajua kunizidi, na kama asingeniambia ningekuwa nimekaa tu nasubiri kufungiwa.

Babu, hii si ndoa. Hakuna cha matangazo wala cha kizuizi. Ukianza kuzunguka Mutuka ukimuulizia kijana wa kiume unafikiri watu watasema nini juu yangu? Nimemsimulia Muzamil maswali yako, akacheka, akasema wazee wote wako hivyo, na kwamba niwe makini, kwa kuwa wewe ukiogopa unaweza kusitisha kila kitu, na ukisitisha hatutakuwa na muda wa kuanza upya. Amesema kweli. Ulianza kunishuku mimi, sasa unamshuku yeye.

Niahidi kwa maandishi kwamba hutaigusa hiyo simu mpaka tarehe 22 ipite. Na usimuulize mtu.

Edda


Bonga, Babati
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Mjukuu wangu mpendwa Edda,

Nakusalimu, ingawa naona safari hii salamu zako zilikuwa neno moja, na mwisho hukuandika wewe ni nani wangu. Silalamiki. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Ahadi yako hii hapa. Mimi, Severini, sitaigusa simu hiyo mpaka tarehe 22 Septemba ipite. Nimeiweka kabatini, nyuma ya sahani; ya kupigia ninayo ile ndogo yenye laini yangu nyingine.

Ahadi ya pili siwezi kuitoa kwa ukweli, kwa sababu barua yako ilinikuta nimekwisha kuuliza. Naomba radhi sana. Jumatano nilikwenda kwa Mzee Alawi, yule mwenye duka la misumari na mabati, ambaye anawajua Waislamu wote wa mji huu na baba zao. Nilimweleza kwamba namtafuta kijana Muzamil wa Mutuka, kwa jambo linalomhusu mjukuu wangu na mali.

Aliweka miwani mezani. "Severini, kijana amemwahidi binti kisha amekimbia?"

"Hapana, Alawi. Hawajaonana."

"Hawajaonana na tayari kuna mali?" Akacheka mpaka mpima misumari wake akageuka. "Ninyi Wakatoliki mmeanza kuoza kwa simu?"

Nilimweleza juu ya gemu, na naungama kwamba sikulieleza vizuri, kwa maana mimi mwenyewe silielewi vizuri. Nilipoaga alinishika mkono akasema, "Usihangaike na goti lako kwenda Mutuka. Ijumaa baada ya swala nitawauliza jamaa." Ijumaa ndiyo leo. Nilipopata barua yako nilituma mtu akamzuie, lakini swala ilikuwa imekwisha, na alikuwa amekwisha kuuliza, kwa sauti yake ile ya dukani.

Kama nimekuaibisha, aibu hiyo nipe mimi. Jumapili nitakupigia simu ya salamu kama kawaida yetu.

Babu yako, bado,
Severini


Bonga, Babati
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Mjukuu wangu mpendwa Edda,

Nakutakia afya na utulivu wa moyo, na naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla ya kunihukumu. Jumapili hukupokea simu. Jana jioni nilikupigia mara sita. Amna amekutumia ujumbe kwa niaba yangu, nawe hukujibu.

Niliahidi kwa maandishi kwamba sitaigusa simu. Nimeigusa leo saa tatu asubuhi. Nimesitisha. Sikumwachia Amna abonyeze, ili kosa liwe langu peke yangu.

Sasa nakueleza sababu.

Jana saa kumi alasiri nilisikia hodi ya mtu mwenye haraka. Aliingia mama mmoja wa makamo, Bi Mwanne wa Mutuka, na nyuma yake kijana mrefu mwenye grisi mikononi, ambaye hakutaka kunitazama.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa heshima, ila hasira pia nimekuja nayo."

"Marahaba, mama. Karibuni vyote viwili."

"Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi. Ni fundi wa pampu za maji, wiki nzima alikuwa Magugu kazini, anarudi anakuta mji mzima unasema anatafutwa msikitini kwa ajili ya binti. Hajamchumbia mtu! Kama kuna mimba, semeni leo."

"Hakuna mimba, mama," nikamjibu. "Kuna joho."

"Joho la nani?"

"La moto."

Hapo kijana akakaa bila kukaribishwa. "Mshale wa Bonga," akasema. "Wewe ndiye babu yake Mshale wa Bonga." Nami nikamwuliza huyo ni nani, naye akasema ndilo jina lako huko vitani, jina ambalo mimi hukuwahi kuniambia.

Edda, huyu ndiye Muzamil. Na huyu Muzamil hajakuomba kitu. Mwezi wa saba mtu aliyejiita mkaguzi wa gemu alimpigia, akamwambia akaunti yake imeripotiwa, akamwomba amsomee zile namba tano. Akasoma. Kabla hajaweka simu chini akaunti haikuwa yake tena. Tangu wakati huo hawezi kuingia. Anayetumia jina la Kiboko27 kwa miezi miwili sasa ni mtu mwingine.

"Kwa nini hukumtafuta Edda?" nikamwuliza.

"Niliona aibu, babu. Na sikuwa na namba yake, tulikuwa tunaongea humo humo. Nilijua tu ni wa Bonga. Ningeanzia nyumba ipi kuulizia Mshale?"

Utaniwia radhi, hata huyo sikumwamini mara moja. Mtu yeyote anaweza kuja na shangazi. Nilimwomba aniambie jambo moja ambalo ninyi wawili tu mnalijua, na ambalo halikuandikwa popote, kwa maana yaliyoandikwa mwizi amekwisha kuyasoma. Alikwangua grisi kidoleni. Kisha akasema, "Ninalo. Ila ni lake, babu, si langu kulisema." Jibu hilo ndilo lililoanza kunigeuza. Nilimsihi, na shangazi yake akamsukuma bega.

Akasema kwamba mwaka juzi, mwezi wa tatu, mchana, mlikuwa katikati ya vita na simu yako ikalia. Ulipomaliza kuisikiliza ulimwambia kwa sauti, kwenye kipaza sauti: "Bibi amefariki. Tuendelee kidogo. Nikisimama itakuwa kweli." Akaendelea kucheza nawe saa nzima, bila neno, mpaka uliposimama mwenyewe.

Siku ile mimi nilikusubiri mlangoni mwa wodi tangu saa saba. Ulifika saa nane na ushei, ukasema bodaboda ilipasuka tairi. Sikukuuliza kitu siku ile, na leo sikuulizi, wala sikulaumu. Nakuandikia tu ili ujue jinsi nilivyopata hakika. Saa ile iliyopungua upande wako, mimi pia nilikuwa nayo upande wangu, na zimelingana.

Nimevunja neno nililoliandika kwa mkono wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Ninaomba msamaha, lakini kwa ukweli wote nikirudishwa saa tatu ya leo nitabonyeza tena. Katika miaka yangu yote ya matangazo, sikuwahi kuona bwana harusi mwenyewe akisimama kuweka kizuizi.

Babu yako,
Severini


Dodoma
23/9/2024

Shikamoo Babu yangu.

Sijui nianze wapi. Simu zako niliziona zote. Na ujumbe wa Amna niliuona. Sikujibu kwa sababu huyo mtu alikuwa amekwisha kuniandaa: aliniambia siku za mwisho babu yako atabuni kisa ili avunje mpango, usimsikilize. Nilipoona umesitisha nilikasirika mpaka nikavunja kikombe cha Bwana Elimringi. Kisha barua ikafika, nikasoma hiyo habari ya siku ya Bibi. Hiyo sijawahi kumwambia mtu mwingine duniani. Nilimwandikia huyo Kiboko swali moja: siku Bibi alipofariki nilikuambia nini? Akajibu matusi. Muzamil hatukani.

Silii vitu, Babu, vitu vyote viko salama. Nalia kwamba miezi miwili nimeongea na mtu mwingine kila siku na sikugundua.

Sasa sikiliza. Nilimsimulia mengi. Anajua jina lako na namba zako, anajua uko Bonga peke yako, anajua jina la Bibi, anamjua Bwana Elimringi kwa jina. Na neno langu la siri nilimpa, alisema aangalie lile onyo. Kulibadili kunahitaji niwe na hiyo simu iliyo kwako mkononi mwangu. Kwa hiyo kilichobaki kati yake na vitu vyangu ni zile namba tano tu. Jumamosi tarehe 28 nakuja kwa basi la asubuhi. Mpaka nifike, mtu yeyote akikupigia, hata akisema ni polisi, hata akisema ni mimi, usimsomee.

Naomba unisamehe. Na umwambie Muzamil nakuja.

Mjukuu wako, mke wako wa mhogo,
Edda


Bonga, Babati
Jumatano, 25 Septemba 2024

Mjukuu wangu mpendwa Edda,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeacha kulia. Nimekusamehe kabla hujaandika, na kikombe cha watu ukilipe. Muzamil nimempelekea habari. Shangazi yake anauliza kama unakula pilau.

Barua yako imenifikia leo saa tano. Ninalazimika kukuambia kwamba simu yangu ndogo iliita jana.

Ilikuwa sauti ya mwanaume mtu mzima, ya upole. Alisema, "Shikamoo Mzee Severini," akangoja marahaba yangu. Akajitambulisha kuwa ni Elimringi wa Dodoma, mwajiri wako. Akaniuliza nimeamkaje. Akaniuliza mbaazi mwaka huu zimetoka gunia ngapi, nikamweleza, na hakunikatiza. Kisha akasema, "Mzee, tangu Mama Genoveva atangulie, nani anakupikia?"

Edda, hakuna mtu aliyeniuliza hilo tangu arobaini ya bibi yako. Nilimjibu kwa kirefu. Nilimweleza juu ya uji, na juu ya siku ambazo siwashi moto. Alikuwa akisema, "Pole, mzee. Pole sana." Mimi ambaye nilikutaka wewe uniandikie kwa wino, mimi niliyemhoji yatima wa watu mbele ya shangazi yake, nilimpa mtu huyo nusu saa ya maisha yangu na nikamshukuru.

Ndipo akasema umeugua kidogo kazini, si jambo la kutisha, na kwamba umemwagiza aniombe namba tano ili mali yako isipotee ukiwa kitandani. Nikaichukua simu kubwa kabatini. Nikavaa miwani. Nikasoma: saba. Nikasoma: mbili. Kabla sijaifikia ya tatu zote zikabadilika machoni pangu.

Nikasema, "Niwie radhi sana, bwana, zimegeuka. Naomba nianze upya." Nikaivua miwani niifute.

Akasema, "Soma basi, mzee, unachelewesha!"

Sauti ilikuwa ile ile, lakini hapakuwa na mtu ndani yake. Nikamwambia nasikitika, ningependelea aniandikie barua. Akakata simu. Chakula sikupika.

Namba zile mbili zilikufa pale pale, Amna amenihakikishia. Hakuna kilichopotea. Lakini sitaki unisifu utakapofika, wala usiwasimulie watu kwamba babu yako alimgundua mwizi. Sikumgundua. Angenivumilia nusu dakika nyingine, ningemsomea zote tano.

Njoo Jumamosi uichukue simu hii. Naweza kuilinda na watu wengi, lakini si na mtu anayeniuliza nani ananipikia.

Babu yako,
Severini